Mshono wa Gunia

Mwanamume ameketi kwenye kigoda kando ya barabara ya Isebania, ameegemea ukuta wa ghala, na mkononi ana shazia. Mikono yake haina papara. Anaukunja mdomo wa gunia mara mbili, anaichoma sindano ile nene mpaka itokeze upande wa pili, anauvuta uzi wa nailoni hadi ukaze na kulia, kisha anachoma tena. Kila baada ya mishono kadhaa hupiga fundo na kulijaribu kwa kidole gumba. Gunia likishafungika, huchukua kalamu ya wino mzito akaandika ubavuni herufi mbili na namba. Herufi ni za mwenye mali, namba ni ya mzigo. Toka hapo gunia hupanda mgongoni mwa mpakiaji, likaingia lorini, likashika njia ya Migori na Kisii, na mshonaji halioni tena. Hajui litafunguliwa na nani, wala atakayelifungua hatauliza lilishonwa na nani. Atautia kisu mshono, atamimina mahindi, basi.

Hatua chache kutoka kwake, kwenye benchi la kibanda cha chai, mpwa wangu amepakata kompyuta. Amekuja likizo kutoka chuoni, lakini kazi anayojifunza haijui likizo. Ananunua intaneti kwa simu, anaigawia kompyuta, anaandika amri moja, kisha anangoja. Leo kungoja kumekuwa kurefu. "Mjomba, imekwama tena," ananiambia, akinigeuzia kioo nione. Simu imevuka mpaka kabla ya mwenyewe: imeuacha mtandao wa huku, imeunasa wa Sirari, na ujumbe umeingia kumkaribisha Tanzania ilhali chai yake anainywa Kenya. Bando alilonunua halimfai kule. Upande wa pili wa kizuizi bando huitwa kifurushi. Na kile alichokuwa akikivuta kutoka ng'ambo ya bahari, kwa Kiswahili cha wenye kompyuta, nacho ni kifurushi. Nikawa namtazama mshonaji, namtazama mpwa wangu, na neno hilo moja likawa linakwenda na kurudi kati yao kama yule anayepokea mzigo huku na kuutua kule.

Kifurushi, katika kazi ya kuandika programu, ni msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, ukafungwa pamoja na karatasi yake. Karatasi hutaja jina la mzigo, namba ya toleo, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo mzigo huo nao unavihitaji ili ufanye kazi. Ukishafungwa hupelekwa kwenye ghala la umma, na yeyote duniani anaweza kuuchukua bila kulipa hata shilingi. Wanaoandika kwa Perl wana ghala lao, CPAN, tangu 1995. Wa Python wana PyPI, iliyofunguliwa 2003. Wa JavaScript wana npm, aliyoianzisha Isaac Schlueter 2010, nalo ndilo ghala lililokuwa limemkwamisha mpwa wangu. Alikuwa ameomba vifurushi sita. Sita hivyo vikaja na vyao, na vya vyao vikaja na vyao, hata alipohesabu vilivyokwisha kufika, kabla simu haijaruka, vilikuwa vimepita mia tatu. Msimbo wake mwenyewe haukufika mistari mia. Ni kama bwana harusi aliyewaalika watu sita akasahau kwamba kila mgeni ana ukoo.

Methali tuliyolelewa nayo haina huruma na hali kama hii: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mama zetu walitusomea hiyo asubuhi tukienda kuazima jembe. Ilitufundisha kulima, nayo ina haki yake. Ila nikikaa Isebania naona jinsi mji mzima unavyoishi kinyume chake, na haujafa. Vitunguu, mahindi na mchele vinavuka kutoka Tanzania. Sabuni, mafuta ya kupikia na mabati yanavuka kwenda. Samaki wadogo wa ziwani wakiwa Homa Bay ni omena, wakifika Musoma ni dagaa, na chungu hakiulizi jina. Hakuna mama anayekaanga mboga katika mji huu ambaye anaweza kuapa kwamba kila kilichomo sufuriani kimetoka shambani mwake. Hata mpaka wenyewe, tunaoutegemea kutuambia sisi ni nani, tulichorewa na watu ambao hawakutujua: mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari utokao mlango wa mto Umba huko pwani, ukwepe Kilimanjaro, uje ugote ziwani kwenye nyuzi moja kusini mwa ikweta. Ukawapasua Wakuria vipande viwili. Ndugu wa baba mmoja wakawa na pasipoti mbili, na bado hutegemeana kwa mahari, kwa maziko, kwa mbegu. Kwa hiyo sikumwambia mpwa wangu methali ile. Nilimuuliza swali jingine: hao walioandika vifurushi mia tatu, unawajua?

Hakuwajua. Nadhani ni wachache mno wanaowajua. Tarehe 22 Machi 2016 dunia ilipata kuonyeshwa hilo kwa namna isiyosahaulika. Mwandishi mmoja wa programu, Azer Koçulu, Mturuki aliyekuwa akiishi California, alikuwa na kifurushi alichokiita kik. Kampuni ya Kanada yenye jina hilohilo ililitaka, wakabishana, na wenye ghala wakaipa kampuni. Koçulu akaghadhibika, akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake yote ilikuwa kuongeza nafasi tupu au sufuri kushotoni mwa neno mpaka litimize urefu uliotakiwa: 7 iwe 007. Kazi ambayo mwanafunzi wa muhula wa kwanza angeifanya huku anakula mandazi. Lakini vifurushi vikubwa vilikiegemea, na makampuni makubwa yaliviegemea hivyo vikubwa, na kwa saa kadhaa kazi zikaanguka kila mahali kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina left-pad. Wenye ghala wakalazimika kukirudisha wenyewe. Baadaye wakabadili kanuni: kifurushi ambacho wengine wameshakiegemea hakitolewi ghalani ovyo.

Nikiwa kijana kisa hiki kingenichekesha. Sasa kinanifikirisha juu ya majina. Ukisimama sokoni Isebania ukaita "Mwita!", watageuka wengi, ukiita "Chacha!", watageuka waliobaki. Wakuria wana majina yao machache wanayoyapenda, na hawaoni shida, kwa sababu jina kwao halisimami peke yake: Chacha yupi? Wa nani? Wa ukoo gani, wa upande gani wa barabara? Mwanamke anayeandikwa Boke huku anaandikwa Bhoke kule, na mjomba wake hatachanganyikiwa. Ghala la vifurushi halina mjomba. Jina moja, mzigo mmoja, mwenye mmoja. Herufi ikipungua, mzigo ni mwingine kabisa, na wezi wanalijua hilo: mwaka 2017 mtu aliweka npm kifurushi kwa jina crossenv, akimngojea yeyote aliyetaka cross-env akasahau kistari. Aliyekosea alipata kifurushi kilichofanya kazi kama alivyotarajia, na chinichini kikaziiba siri za mashine yake. Kistari kimoja tu kati ya ndugu na mwizi.

Hapo ndipo mahindi yanaporudi. Tarehe 5 Machi 2021 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama mipakani. Baada ya siku chache marufuku ikalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uje na cheti cha mahali ulikotoka, na cheti kingine kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Wafanyabiashara walilalamika, na walikuwa na sababu. Lakini hofu nayo ilikuwa na makaburi yake: mwaka 2004, Ukambani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na hayo yalikuwa mahindi ya nyumbani. Sumukuvu haionekani kwa jicho, wala moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Ndiyo maana utamwona mkaguzi akilidunga gunia kwa kile chuma chenye mfereji, akatoa punje chache kwenye kiganja, akazipeleka kupimwa. Mshono haufunguliwi. Tundu dogo tu, kisha hufumba lenyewe.

Wenye programu nao wana chuma chao. Siku hizi mradi unaojiheshimu huwa na faili ya kufuli. Npm ilianza kuiandika yenyewe 2017. Ndani yake mna kila kifurushi kilichoingia, namba kamili ya toleo, na msururu mrefu wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukibadilisha nukta moja ndani ya mzigo, msururu wote hugeuka. Mpwa wangu aliifungua faili hiyo anionyeshe, akashuka nayo, akashuka, akashuka, na mistari haikwisha. Nilivutiwa nayo sana, na nikamwambia ni kazi nzuri. Lakini nilipomtazama tena mshonaji na kalamu yake nikaona kilichokosekana. Alama ya gunia inathibitisha kwamba hili ndilo gunia lililofungwa. Haithibitishi kwamba aliyelifunga alikuwa mzima, alikuwa ameshiba, alikuwa peke yake au alikuwa na mtu nyuma yake.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo yanakaa karibu mno hata wageni huyachanganya: mtunzi na mtunzaji. Mtunzi ni yule aliyetunga, aliyekileta kitu ambacho hakikuwepo. Mtunzaji ni yule aliyebaki nacho. Mtunzi wa wimbo tunamjua kwa jina. Anayepangusa vumbi kwenye rekodi hatumjui. Katika vifurushi mambo ni hayo hayo, na pengine ni mabaya zaidi, kwa sababu kitu kilichotungwa kwa jioni tatu za furaha huhitaji kutunzwa kwa miaka kumi na mitano ya jioni zisizo na furaha. Mashine hubadilika, lugha hubadilika, watu huandika kulalamika. Wachache huandika kushukuru.

Lasse Collin wa Finland alikuwa mtunzaji wa namna hiyo. Kifurushi chake, xz, hubana mafaili yawe madogo, na kimo ndani ya mifumo mingi ya Linux inayoendesha seva za dunia, zikiwemo zile zinazohifadhi fedha zako na picha za watoto wako. Alikitunza kwa miaka mingi bila mshahara. Mwaka 2021 akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akaleta marekebisho mazuri moja baada ya jingine. Mwaka 2022 watu wengine wasiojulikana wakaanza kumsonga Collin: mbona unachelewa, mbona humpi mtu mwingine nafasi? Naye akajibu kwa unyoofu kwamba afya ya akili ilikuwa imemwelemea, na kwamba hii ni kazi ya mapenzi isiyolipwa. Yeyote aliyewahi kulea mgonjwa peke yake anaweza kulisikia jibu hilo hadi mfupani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuwa tayari ameshafika, akapewa funguo. Mwanzoni mwa 2024 yakatoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yamefungwa vizuri, yametiwa saini na mwenye haki ya kutia saini, na ndani mmefichwa mlango wa siri wa kuingilia seva za watu.

Aliyeuona mlango huo hakuwa askari. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima mambo mengine kabisa alipogundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Wengi wetu tungekunywa maji tukaendelea. Yeye akaifuata nusu sekunde hiyo kama mfugaji anavyofuata tone la damu nyasini, mpaka akafika kwenye xz, na Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024, akautangazia ulimwengu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuwa wameona kompyuta.

Nimekitafakari kisa hicho mara nyingi, na kila mara nafika penye visima. Katika miji ya pwani, tajiri aliyetaka thawabu alichimba kisima akakiweka wakfu: maji ni ya kila mpita njia, wala yeye mwenyewe hawezi tena kukiuza au kukifukia. Left-pad ilikuwa kisima cha namna hiyo, na kosa la Koçulu, kama lilikuwa kosa, ni kutaka kuondoka na kisima mkononi. Mpaka hapo viko pamoja, ghala la vifurushi na wakfu. Lakini wazee wa pwani hawakuishia kwenye kisima. Waliweka wakfu na shamba la minazi, au nyumba ya kupangisha, ili mapato yake yamlishe msimamizi, yanunue kamba na ndoo, yamlipe mtu wa kuzoa matope kila mwaka. Walijua kwamba kisima kisichozolewa matope hugeuka kuwa hatari kwa wanaokitegemea. Sisi wa zama hizi tumechimba visima kwa maelfu kwa maelfu, tukasahau minazi. Kisha mtunzaji akichoka tunamlaumu, na mwizi akija na ndoo mpya tunamkaribisha.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya California na Finland. Nawaomba waende katika kituo chochote cha afya kati ya Isebania na Homa Bay. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizobeba mzigo mzito kuliko zote nchini wa virusi vya Ukimwi, na katika vituo vingi vya umma rekodi za wanaotumia dawa hutunzwa katika mfumo uitwao KenyaEMR. KenyaEMR haikuanza hewani. Imejengwa juu ya OpenMRS, mradi wa wazi ulioanza 2004 na ukaanza kutumika Eldoret 2006, ambao leo unaandikwa pia na vijana wa Uganda na Kenya. OpenMRS nayo imesimama juu ya Java, juu ya Spring, juu ya Hibernate, juu ya MySQL, na kila kimojawapo kina vyake. Mama anayeambiwa na muuguzi "rudi tarehe fulani uchukue dawa" ameshikilia ncha ya uzi ambao ncha yake nyingine imo mikononi mwa mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, ambaye huenda usiku huu anaamua kama ataendelea au ataacha. Desemba 2021 ilipogundulika kwamba Log4j, kifurushi cha Java cha kuandika kumbukumbu za programu, kina tundu kubwa, wenye mifumo ya Java kila bara walikesha wakijiuliza jambo moja: na sisi tunacho? Hawakuwa wakiuliza jinsi ya kuliziba. Walikuwa hawajui kilichomo guniani mwao.

Na kuna lile la barabara ambayo vifurushi hupitia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikazimika au ikatambaa. Siku ile aliyekuwa na vifurushi vyake nyumbani aliendelea kufanya kazi. Aliyezoea kuvivuta upya kila asubuhi alikunja mikono. Nyanya wa upande wa Homa Bay hangeshangaa. Ana dero, ghala la fito lenye kofia ya nyasi, na ndani ana mbegu ya msimu ujao, hata kama soko liko umbali wa kutembea. Nilimwambia mpwa wangu atie vifurushi vyake deroni. Akacheka, lakini jioni nilimwona akinakili folda ile kubwa kwenye diski ya nje.

Kifurushi anachokitengeneza yeye mwenyewe ni kidogo, na ndicho kilichonifanya niandike haya. Kinageuza saa ya kompyuta kuwa saa ya Kiswahili. Kompyuta ikisema saba asubuhi, chake kinasema saa moja, kama anavyosema kila mtu kuanzia Isebania hadi Bukoba na Lamu. Kwa nje ni hesabu ya kuondoa sita. Kwa ndani kinaegemea hifadhidata ya saa za dunia, aliyoianzisha Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980, na ambayo Paul Eggert wa Los Angeles ameitunza kwa miaka mingi pamoja na watu wa kujitolea. Mwaka 2011 ilifunguliwa kesi iliyoifanya izimwe kwa siku chache, ndipo shirika la ICANN likaipokea na kuipa makao. Karibu kila simu mfukoni huisoma. Humo ndani Nairobi ina mstari wake, na Dar es Salaam na Kampala zimeelekezwa kwa Nairobi: saa ni moja. Hiyo ndiyo sababu simu ya mpwa wangu, iliporuka kwenda Sirari, ilibadilisha mtandao, ikabadilisha salamu, ikabadilisha bei, ila mishale ya saa haikutikisika. Nilikuwa nimeitazama saa hiyo maisha yangu yote nikidhani ni ya kwangu.

Usiku ule, mtandao wa huku uliporejea, alikichapisha. Nilimuuliza kwa nini anaandika 1.0.0 badala ya moja tu, akanieleza kwa subira: tarakimu ya mwisho ikipanda, nimerekebisha kosa, ya kati ikipanda, nimeongeza kitu na hakuna kilichoharibika, ya kwanza ikipanda, nimevunja desturi, jihadhari kabla ya kunifuata. Nikaona kwamba hizo ni ahadi tatu, na kwamba kijana wa miaka ishirini na miwili amezitoa mbele ya watu asiowafahamu, bila shahidi ila mimi na kikombe kitupu. Nikataka kumwambia mengi. Nikamwambia tu: "Basi sasa una watoto."

Siku kumi zikapita kimya. Kisha mtu wa pwani akamwandikia, kwa adabu, kwa Kiswahili safi kilichoanza na salamu za nyumbani. Kifurushi, alisema, kinahesabu siku kuanzia saa sita ya usiku kama Wazungu. Kwetu siku huingia jua likizama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa mchana. Kikimwambia bibi yangu kwamba maulidi ni usiku wa Ijumaa, atakwenda siku moja na kifurushi chako kitakwenda siku nyingine. Mpwa wangu alisoma barua hiyo mara tatu. Alikuwa amesharudi chuoni, alikuwa na mtihani, na hakuna aliyekuwa akimlipa. Akanipigia simu kuniuliza wazee wa kwetu huku walihesabuje siku, nami ikanibidi niende kuwauliza, nikakaa nao mchana mzima juu ya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Toleo lililofuata lilitoka Jumapili, tarakimu ya kati imepanda, na katika karatasi ya kifurushi, chini ya jina lake, akaliandika jina la yule mtu wa pwani.

Wewe unayeandika programu, Kisumu au Mwanza au Muscat, fungua faili yako ya kufuli usiku wa leo. Chagua jina moja ambalo hujawahi kulitamka. Mtafute mtunzaji wake, usome anachokihitaji, umwandikie. Na kama mfuko unaruhusu, umchangie.